Uanze na kitasa kipi? Cha mviringo, kufuli, silinda ya mlango wa alumini au leva

Ukimwambia mtu kwamba unajifunza kuchokonoa vitasa, yaani kuvifungua bila ufunguo, kwa kujifurahisha, swali lake la kwanza ni unataka kuiba wapi. Akishacheka, linakuja la pili, na hilo ndilo lenye maana: "Sasa mtu akitaka kujifunza, aanze na kipi?" Nimeulizwa hivyo na shemeji yangu, na kinyozi wangu, na kijana wa dukani Kariakoo aliyeshangaa kuniuzia vitasa vitatu na hali sijengi. Jibu langu la haraka huwa moja: nunua kitasa cha mviringo, na usikifunge mlangoni. Lakini jibu la haraka halimfai kila mtu. Anayeishi Minnesota kule Marekani hana mlango kama wa anayeishi Tabata, na anayetaka kumwonyesha mwanawe jinsi ufunguo unavyofanya kazi hana haja sawa na anayetaka kukesha akitafuta pini moja.

Kitasa cha mviringo ni kile cha kushika kama chungwa na kuzungusha. Upande wa nje kina tundu la ufunguo katikati ya chungwa lenyewe, na upande wa ndani kina kitufe cha kubonyeza au kugeuza. Kwetu huwekwa zaidi milango ya vyumbani na ya vyoo. Marekani na Kanada kimezoeleka hata mlango wa nje, juu yake pakiwa na komeo la silinda. Ukienda kununua, tenganisha aina mbili mapema: kile chenye tundu la ufunguo, na kile cha chooni chenye kitundu kidogo tu au mfuo wa kutosha sarafu. Hicho cha pili hakina cha kuchokonoa. Kimetengenezwa ili mtoto akijifungia ndani mama aweze kumtoa, kwa hiyo usilipie somo ambalo halimo.

Kabla ya kulinganisha, tukubaliane kuhusu kilichomo tunduni, maana tofauti zote zitatoka humo. Silinda ina kiini kinachozunguka ndani ya ganda lisilozunguka. Kati ya viwili hivyo zimepita pini, aghalabu tano, na kila moja ni vipande viwili. Kipande kinachogusa ufunguo nitakiita pini ya ufunguo, na kile kinachosukumwa na springi nitakiita pini ya springi. Ufunguo sahihi huvipanga vipande hadi maungio yote yafike mpakani mwa kiini na ganda, na hapo kiini kinakuwa huru. Linus Yale mdogo, Mmarekani, alipata hataza za silinda ya namna hii mwaka 1861 na 1865, ingawa wazo la pini zinazoangukia tunduni ni la kale mno. Wamisri wa kale walikuwa nalo katika makomeo yao ya mbao.

Silinda huchokonoleka kwa sababu hakuna mashine inayotoboa matundu matano yakawa kwenye mstari ulionyooka kabisa. Ukitia kikaza, yaani kibati kilichopindwa mfano wa herufi L, ukakisukuma kiini kwa uzito wa kidole kimoja, pini moja itabanwa kabla ya wenzake. Unaitafuta hiyo kwa ndoano, yaani kichuma chembamba kilichopinda nchani, unaipandisha taratibu mpaka usikie "tik" ndogo, na kiini kinajongea unywele mmoja. Hapo pini nyingine inabanwa. Ukifuata zamu hiyo hadi ya mwisho, kimefunguka. Kanuni yake unaweza kuielewa kabla maji ya chai hayajachemka. Vidole ndivyo vinavyochukua miezi.

Plastiki ya kuonea ndani

Wengi huanza na silinda ya plastiki angavu inayouzwa pamoja na vifaa, ambayo unaona pini zote zikipanda na kushuka. Nilianza nayo. Nilifungua siku ya kwanza, nikajiona fundi, nikahamia kwenye kitasa cha kweli nikakaa nacho wiki mbili bila kitu. Kosa halikuwa la kitasa. Kwenye plastiki macho ndiyo yaliyofanya kazi, na uchokonoaji ni kazi ya ncha za vidole na sikio. Tena plastiki haibani pini kama shaba inavyobana. Inalegea, na ile "tik" haina sauti. Ni nzuri kwa kumweleza mtoto kwa dakika 20 akaelewa kwa nini ufunguo wake una meno. Kama una hela ya kitu kimoja tu, kiache dukani.

Kufuli au kitasa cha mviringo?

Hapa ndipo ubishi ulipo. Kufuli lina faida zake. Liko kila kona, linatoshea mfukoni, halihitaji bisibisi, na likifunguka linaruka lenyewe. Ule mlio usiudharau. Ndio unaomrudisha mtu mezani kesho yake. Kufuli namba 3 la Master Lock, lile la mabati yaliyobanwa pamoja kama kurasa za kitabu, lina pini nne na limewafungulia mlango wa burudani hii watu wengi sana. Makufuli madogo ya shaba ya bei nafuu nayo humpa anayeanza ushindi wa mapema. Kama wewe ni mtu wa kukata tamaa haraka, na unajijua, anza na kufuli. Sikuchekei.

Ila kufuli lina mambo mawili yanayoniudhi. La kwanza ni springi ya kile chuma cha juu kilichopinda. Katika makufuli mengi, kiini kinapozunguka hulazimika kushindana na springi hiyo. Kidole kinahisi nguvu mbili kwa wakati mmoja, ya pini na ya springi, na anayeanza hawezi kuzitenganisha. Linaruka, anafurahi, na hajui ni pini ipi iliyolifungua. Ukimwambia arudie, harudii.

La pili ni kubwa zaidi: makufuli mengi ya bei ya chini hayafumuliki. Matundu ya pini yamezibwa kwa shaba kutoka kiwandani, na ukitaka kuona ndani utatumia msumeno, ukimaliza huna kufuli. Kwa hiyo umenunua fumbo moja. Ukilijua, umelijua, ukilishindwa, hujui umeshindwa wapi.

Kitasa cha mviringo kikiwa kizima kina tabia ileile ya springi, kwa sababu ya ulimi wake. Tofauti ni kwamba silinda yake hutoka. Unatia ufunguo wake mwenyewe, unauzungusha kidogo, unabonyeza kwa kijiti kitundu kilicho shingoni mwa lile chungwa, nalo linachomoka. Ndani yake kuna silinda iliyo huru, na nyuma ya kiini kuna kibanio cha chuma. Ukikitoa kibanio, kiini kinasukumwa nje kwa kijiti cha unene sawa na chake, ili springi zisirukie kusikojulikana. Mimi nilichonga kijiti cha mninga, nikakipiga msasa hadi kikateleza. Springi mbili zilishatorokea chini ya kabati kabla sijajifunza kufanya kazi hiyo juu ya taulo.

Sasa hesabu faida. Toa pini zote, rudisha moja tu. Kaza, pandisha, sikia. Hiyo ndiyo "tik" ambayo plastiki ilikunyima na kufuli lilikuficha, na umeisikia ikiwa peke yake bila kelele ya nyingine. Ukiizoea, ongeza ya pili. Vyumba vitano vya pini vina njia 31 za kujazwa au kuachwa wazi, ukiondoa ile ya kuviacha vyote wazi. Vikiwa vimejaa pini tano zisizofanana, unaweza kuzipanga kwa njia 120. Umenunua kitasa kimoja, umepata vya kukutosha mwaka. Na usiku unaposhindwa kabisa, unafumua na kutazama ni pini gani uliyoipandisha kupita kiasi. Mwalimu wa namna hiyo huwezi kumpata ndani ya kufuli lililozibwa.

Kuna hasara moja. Kitasa cha mviringo kikiwa mkononi hakishikiki vizuri. Kinageuka geuka kama yai lililochemshwa. Utahitaji jiliwa, au ubao uliotobolewa. Nilitoboa kipande cha mlango uliovunjwa nilichopewa na fundi seremala, nikakibana mezani, tatizo likaisha. Mke wangu aliuliza ule mlango mdogo mezani unaelekea wapi. Sikuwa na jibu zuri.

Kwa walio Marekani: Kwikset au Schlage?

Kwa ndugu zetu walio Marekani swali hubadilika, maana huko vitasa vya mviringo vinavyokutwa majumbani mara nyingi ni vya kampuni hizi mbili. Binamu yangu alihamia Minnesota, nikamwomba aninunulie vilivyotumika. Alivipata kwenye duka la ReStore, maduka ya shirika la hisani la Habitat for Humanity yanayouza milango, masinki na vitasa vilivyotolewa kwenye nyumba. Vingine havikuwa na funguo, na muuzaji alikuwa kama anamwomba radhi. Kwa mchokonoaji kitasa kisicho na ufunguo si hasara, ilimradi ubaki na kimoja chenye ufunguo kwa ajili ya somo la kufumua.

Schlage ndiyo ya zamani zaidi. Walter Schlage, mhamiaji kutoka Ujerumani, aliianzisha San Francisco mwaka 1920, na kile kitufe cha kubonyeza katikati ya chungwa ni deni letu kwake. Kwikset ilizaliwa California mwaka 1946, wakati Wamarekani wakijenga nyumba nyingi na kutaka vitasa vya bei nafuu. Historia hiyo unaweza kuigusa kwa ndoano. Funguo za Kwikset hukatwa kwa hatua za inchi 0.023, karibu milimita 0.58, kutoka kina kimoja hadi kingine. Za Schlage ni inchi 0.015, karibu milimita 0.38, na zina vina kumi, sifuri hadi tisa. Hatua pana humaanisha kitasa kinaweza kuvumilia ulegevu bila ufunguo wa jirani kukifungua. Hatua nyembamba haziruhusu ulegevu huo. Kwa hiyo Kwikset ya kawaida inakusamehe ukipitiliza kidogo, Schlage haikusamehei.

Tundu nalo ni tofauti. La Kwikset ni pana, limenyooka, ndoano inaingia na nafasi inabaki. La Schlage limejipinda kama nyoka, na ndoano nene itakwaruza ukuta wake ukidhani umegusa pini. Tena ndani ya Schlage mara nyingi utakuta pini zenye kiuno, zilizobonyea katikati mfano wa kibiringo cha uzi. Kiuno hicho kinaponasa mpakani, kiini kinazunguka kidogo kisha kinagoma, na anayeanza hushangilia kabla ya wakati. Kumbe ndipo kazi inaanza. Unatafuta pini inayokirudisha kiini nyuma ukiigusa, unalegeza kikaza kidogo kidogo, unaiacha ipite bila kuangusha zile ulizokwisha kuziweka. Siku ya kwanza kulielewa hilo nilisimama nikatembea uani.

Kwa hiyo: Kwikset ya kawaida kwa miezi ya mwanzo, Schlage baadaye. Lakini tahadhari na kitu kimoja. Kuanzia mwaka 2008 Kwikset inauza vitasa vya SmartKey, ambavyo mwenye nyumba hubadilisha ufunguo wake bila kufumua chochote. Utavijua kwa mfuo mdogo mwembamba kando ya tundu la ufunguo. Ndani yake utaratibu si ule nilioueleza hapo juu, na mazoezi ya pini moja moja hayakufikishi popote. Binamu alinitumia kimoja bila kujua. Kinatumika mezani kwangu kuzuia karatasi zisipeperuke.

Silinda ya mlango wa alumini

Aliye Dar, Nairobi, Muscat au Berlin atakutana zaidi na silinda ya Ulaya: kile kipande kirefu cha shaba kinachofanana na tundu la ufunguo lenye mkia chini, kilichoshikwa na skrubu moja kutoka ubavuni mwa mlango. Milango ya alumini ya maduka na ofisi imejaa hizi. Kwa bei na upatikanaji inashindana vikali na kitasa cha mviringo, na kwa jambo moja inakishinda: inabanwa kwenye jiliwa bila ubao wala ujanja. Tena ni vitasa viwili kwa bei ya kimoja, kwa sababu kila upande una kiini chake. Ukishachoka na upande wa kushoto, unageuza. Na kwa kuwa haina ulimi wala springi ya kushindana nayo, kidole kinasikia pini tu.

Mbona basi siiweki ya kwanza? Kwa sababu mbili. Silinda hizi zikiwa mlangoni pini zake ziko chini, si juu kama za Wamarekani, hivyo video nyingi utakazotazama zitakuonyesha mambo kichwa chini miguu juu. Unaweza kuibana jiliwani ikiwa imepinduliwa, lakini ukizoea hivyo utajikuta hujui kuichokonoa ilivyo kawaida. La pili ni kufumua. Viini viwili, kipande cha katikati kinachogeuza komeo, na vibanio vidogo vinavyopenda kuruka: kwa anayefungua silinda mara ya kwanza maishani, ni vingi. Anza kufumua cha mviringo, ukishazoea njoo huku.

Na kuna mtego mmoja wa silinda hii ambao uliniadhibu. Nilivunja kanuni niliyokuwa nikiwahubiria wengine, nikachokonoa mlango wa alumini wa jikoni kwetu, mlango unaotumika kila siku. Ulifunguka. Kwa furaha nikaendelea kuzungusha kiini, na kilipofika nusu duara, ule upande wa kiini ambako tundu liko wazi ukawa umeelekea pini. Bila ufunguo wa kuzizuia, pini za springi zikachungulia kwenye uwazi wa tundu, zikakwama. Kiini hakikwenda mbele wala hakikurudi. Mgeni alikuwa njiani, jiko limefungwa, na wali uko ndani. Ilinichukua karibu saa nzima na kibati chembamba, nikizisukuma pini huku nikizungusha, kukirudisha. Tangu siku hiyo chochote kilicho mlangoni kwetu sikigusi.

Leva

Kitasa cha leva ni kile cha ufunguo wa shina refu wenye jino pana mwishoni, kilichochimbiwa ndani ya mlango wa mbao. Nyumba nyingi za pwani na bara zina hiki mlango wa mbele, kwa hiyo ni jambo la kawaida mtu kusema: nina kitasa tayari, nitaanza nacho. Usianze nacho. Humo hamna pini. Mna vibati vilivyopangwa, kila kimoja lazima kiinuliwe hadi kimo chake, kisizidi wala kisipungue. Vifaa ni vingine kabisa, vya waya mnene wenye vipande viwili, na nguvu ya kukaza ni ya mkono, si ya kidole. Ulichojifunza kwenye silinda kitakusaidia kichwani tu.

Halafu vitasa vya leva vinatofautiana kama usiku na mchana. Chenye leva moja au mbili kina funguo za mifumo michache. Ndiyo maana ufunguo wa jirani unaweza kufungua chumba chako, na ndiko alikozaliwa yule ufunguo malaya unaotajwa mtaani. Hicho hakifundishi kitu. Chenye leva tano na pazia la kuziba tundu kinafundisha sana, ila kinafundisha walioiva.

Aliyeiva kuliko wote kwenye uwanja huu alikuwa Alfred Charles Hobbs, Mmarekani aliyetua London kwenye Maonyesho Makubwa ya mwaka 1851. Waingereza walijivunia kitasa cha Chubb, kilichobuniwa mwaka 1818, ambacho mtu akiinua leva kupita kiasi kinajifunga na kumwambia mwenyewe kwamba kimechokonolewa. Hobbs alikifungua kwa dakika zipatazo 25. Alikigeuza kile kinachoripoti kuwa msaidizi: kila kilipojifunga, kilikuwa kimemwambia ni leva ipi aliyoizidisha. Kisha akaenda kwa Bramah, kampuni nyingine ya vitasa, ambako kufuli la changamoto lilikaa dirishani mwa duka kwa miaka mingi likimwahidi gini 200, fedha ya Waingereza ya wakati ule, atakayelifungua. Hilo lilimkalia saa 51 kwa muda wa siku 16. Lilifunguka. Nikichoka na kitasa changu baada ya nusu saa, namkumbuka yule bwana na saa zake 51, naketi tena.

Vifaa, kwa kifupi

Seti ya kununua au ya kujichongea? Kununua ni raha, lakini seti za vipande 20 na zaidi zimejaa maumbo usiyoyahitaji. Ndoano fupi moja, ndefu moja, na vikaza viwili vya unene tofauti vinatosha mwaka wa kwanza. Bati la ndani ya waipa ya gari hutoa vikaza vizuri sana. Mafundi wa gereji huyatupa. Bapa la msumeno wa chuma likipitishwa kwenye tupa kwa uvumilivu linatoa ndoano, mradi usilipashe moto hadi likapoteza ugumu.

Katika seti utaona pia vyuma vyenye mawimbi, vya kusugua pini zote kwa pamoja badala ya moja moja. Vinafungua haraka kitasa dhaifu. Mimi naviweka pembeni, kwa sababu ileile ya kufuli: kinafunguka na hujui kwa nini. Ila kama unachotaka ni kumshangaza shemeji Jumapili, sugua tu.

Pini za akiba utapata kwa fundi funguo. Wangu ana meza yake chini ya mwarobaini karibu na kituo cha daladala, na kopo la maziwa lililojaa pini, springi na viini vya vitasa vilivyokufa. Nilimwamkia, "Shikamoo fundi," akaitika, nikamweleza ninachotaka. Alinitazama kwa muda. "Kijana, wewe nyumbani kwako unajulikana?" Nikamwonyesha kitasa changu na kijiti cha mninga. Akacheka, akamimina nusu ya kopo kwenye gazeti. Leo nikipita ananiita nimsaidie kushika vitasa vinavyomkataa.

Sheria na majirani

Vikundi vya burudani hii, kama SSDeV ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1997 na TOOOL iliyotokea Uholanzi, vina kanuni mbili: usichokonoe kisicho chako bila ruhusa ya mwenyewe, na usichokonoe kinachotumika. Ya pili umeshasikia ilivyonitoza.

Sheria za nchi hazifanani. Kenya na Tanzania, zilizorithi maneno ya Waingereza katika sheria zao za adhabu, zina kosa la kukutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na sababu yako itapimwa kituoni, si mezani kwako. Marekani majimbo mengi hayajali ukiwa navyo. Virginia na Nevada, hata hivyo, kuwa navyo kunaweza kuchukuliwa kuwa dalili ya nia mbaya. Japani walipitisha sheria mwaka 2003 inayokataza kuwa na vifaa maalumu vya kufungulia vitasa kama si kwa kazi yako au sababu nyingine halali. Lakini kwetu kabla ya polisi kuna mtaa. Kijana aliyeshikwa saa tatu usiku na waya za ajabu mfukoni hapewi nafasi ya kueleza kuhusu pini zenye kiuno. Wananchi wenye hasira hawana subira hiyo. Kwa hiyo vifaa vyangu haviondoki nyumbani. Nikienda navyo kwa shemeji, naenda mchana, ndani ya mkoba pamoja na kitasa chenyewe, na mjumbe wa mtaa wetu anajua ninachofanya. Aliwahi kuja kutazama. Alifungua kitasa cha pini tatu kwa dakika kumi, akakaa hadi saa ya futari.

Hii nayo ni hoja ya kuchagua cha mviringo. Kitasa kilichofungwa kwenye kipande cha ubao kinajieleza chenyewe kwa yeyote atakayeingia sebuleni. Mtu aliyeinama mbele ya mlango mzima wa leva, hata uwe wake, hajielezi hivyo.

Kama uko Afrika Mashariki na una hela kidogo, leo hii nunua kitasa cha mviringo chenye tundu la ufunguo, kipya, cha bei ya chini, na uhakikishe funguo zake ziko. Mwezi wa pili au wa tatu ongeza silinda ya mlango wa alumini. Kama uko Marekani, nenda ReStore, chukua Kwikset mbili zisizo na mfuo kando ya tundu, na Schlage moja uiweke rafuni ikusubiri. Kama mwanao wa miaka minane ndiye anayeuliza maswali, hapo ile plastiki inunue, mtaicheka pamoja. Kama unachotafuta ni ule mlio tu, kufuli.

Cha leva ninacho kimoja, cha leva tano, nilichopewa na fundi wa mwarobaini. Nimekifungua mara mbili, na mara zote mbili sijui nilifanyaje.